Mlango wa Mchezo Mpya

Mhadhara uliosomwa mbele ya kikundi cha maigizo cha vijana na wakazi wa mtaa wa Mowlem, Nairobi

Wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mkichoka mpenye bila kuonekana, hamjambo. Nawaona kina mama waliofunga vibanda mapema ili wafike hapa, na jioni ndiyo saa ya mauzo, kwa hiyo nitajitahidi maneno yangu yafidie angalau bei ya sukuma wiki.

Nianze na jina la mtaa. Katika karne ya kumi na tisa palikuwa na fundi mawe Mwingereza aitwaye John Mowlem, mzaliwa wa mji mdogo wa pwani uitwao Swanage. Alikwenda London, na mwaka 1822 akaanzisha kampuni ya ujenzi iliyokuja kuwa kubwa sana. Ukienda Swanage leo, jina la Mowlem utalikuta limeandikwa kwenye jumba la maigizo lililo kando ya bahari. Basi wenzetu kule wakisema wanakwenda Mowlem, wana tiketi mkononi. Sisi tukisema tunakwenda Mowlem, tunatafuta nauli ya kutoka tao, na jumba la maigizo hatuna. Tuna ploti za ghorofa, tuna makanisa, tuna madarasa kama hili ambalo mwalimu ametuazima. Hilo la kukosa jumba mliweke akilini, nitalirudia.

Mwenyekiti wenu aliniomba nizungumze juu ya maisha ya kazi ya mwelekezi wa Kiingereza, mmoja wa wale wanaosifika kwa kutoa michezo mipya jukwaani. Nilimjibu kwamba London nitapita, ila safari yangu ni ya Limuru.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Mwelekezi, ambaye Watanzania humwita mwongozaji na ninyi mnamwita dairekta, ana kazi mbili tofauti zinazobeba jina moja. Anayeelekeza Hamlet ana babu wengi nyuma yake. Mchezo umechezwa miaka mia nne, anajua watu watakaa hadi mwisho kwa sababu watu wamekuwa wakikaa. Akikosea, atalaumiwa yeye, Shakespeare atabaki salama. Anayeelekeza mchezo mpya hana babu. Ana karatasi ambazo bado zina mikato ya kalamu, ana mwandishi anayetetemeka pembeni, na hakuna mtu duniani aliyewahi kucheka pale panapotakiwa kuchekwa. Mchezo ukianguka, watu watasema mwandishi hajui kuandika. Ukisimama, watasema mwandishi ni hodari. Kitabu kitachapishwa na jina la mwandishi juu ya jalada, na la mwelekezi, akibahatika, litakuwa katika ukurasa ambao wanafunzi huuruka.

Ndiyo maana nikiwauliza hapa nani aliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda, hata mtoto wa kidato cha pili atanyoosha mkono. Nikiuliza nani aliielekeza, naona mnatazamana. Ngojeni.

London, kwa ufupi. Mwaka 1956 kampuni iliyoongozwa na George Devine ilishika jumba la Royal Court, lenye viti takriban 400, ikasema humu atatawala mwandishi aliye hai. Mwezi Mei mwaka huohuo wakatoa Look Back in Anger ya John Osborne, ikielekezwa na kijana Tony Richardson, na Waingereza wakashtuka kusikia jukwaani watu wakigombana kwa lugha wanayogombania nyumbani. Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, mmoja wa watu waliolipwa kusoma miswada iliyoletwa pale alikuwa kijana wa Kinigeria aitwaye Wole Soyinka.

Lakini msidhani wenzetu walikuwa na uhuru wa ndege. Tangu mwaka 1737 kila mchezo mpya Uingereza ulipaswa kupelekwa kwanza kwa afisa wa nyumba ya kifalme, Lord Chamberlain, afute humo anachotaka. Wafalme wa zamani wakiuawa katika Shakespeare hakuna neno, ila mama wa mtaani akitukana mwaka 1965, mswada unarudi na alama za penseli ya buluu. Mwaka huo William Gaskill alielekeza Saved ya Edward Bond pale Royal Court bila idhini, kwa ujanja wa kuligeuza jumba kuwa klabu ya wanachama, na wakapelekwa kortini. Sheria ile ilifutwa mwaka 1968. Kwa hiyo mwelekezi wa michezo mipya hata London alikuwa mtu wa kutafuta mlango: mlango wa jumba, mlango wa sheria, na baada ya hapo ndipo aanze kupanga nani asimame wapi.

Sasa Nairobi. Wakati huo Waingereza walikuwa wameshatuletea maigizo yao. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mwigizaji Donovan Maule na mkewe Mollie walianzisha jumba lao hapa mjini, wakawa wanawatolea walowezi michezo iliyokuwa ikivuma London. Walikuwa mahodari wa kazi, siwanyimi. Ila walikuwa wakileta nguo zilizokwisha kushonwa. Mwaka 1952, mwaka ule ule wa hali ya hatari, likafunguliwa Jumba la Kitaifa la Maigizo, mkabala na hoteli ya Norfolk. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika haraka kuliko ratiba ya jumba hilo.

Hapo ndipo wanaingia waelekezi wawili ambao ningependa mjue majina yao: Seth Adagala na Tirus Gathwe.

Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, lililofanyika Lagos Januari na Februari 1977. Michezo miwili ilichaguliwa, yote mipya. Adagala alipewa The Trial of Dedan Kimathi, waliouandika Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo. Gathwe alipewa Betrayal in the City ya Francis Imbuga, iliyo katika nchi iitwayo Kafira. Zichanganyeni herufi hizo polepole mtajua ni wapi. Wakaomba Jumba la Kitaifa ili Wakenya waione kabla haijasafiri. Wakapata siku chache za Oktoba, zilizobanwa katikati ya onyesho la dansi kutoka Ufaransa na mchezo wa kuchekesha wa kikundi cha wazungu wa hapa mjini. Mwezi ni Oktoba, mwezi wa Kimathi, jumba linaitwa la kitaifa, na mwenye nchi anaambiwa asogee mgeni apite.

Adagala alifanya nini? Waelekezi wengine wangesusa. Yeye alizichukua zile siku chache akazijaza. Usiku wa kwanza, wimbo wa mwisho ulipofika, waigizaji walishuka jukwaani wakapita katikati ya viti wakicheza, na hadhira ikasimama ikawafuata, wakatoka nje ya jumba. Wakawa wanaelekea Norfolk. Sasa, Norfolk si hoteli tu. Machi 1922, watu walipoandamana kudai Harry Thuku aachiliwe, risasi zilipigwa pale jirani, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli wanasemekana walisaidia kufyatua. Ngoma ile ya 1976 ilipofika barabarani ilikuta polisi, wakaizuia isivuke. Watu wakageuka wakaendelea kucheza wakilizunguka jumba. Baadaye Adagala na Ngũgĩ wakaitwa na wapelelezi waeleze kwa nini wanaingilia maigizo ya Wazungu katika jumba la kitaifa. Ile barabara niliivuka wiki iliyopita. Ukiwa na haraka ni hatua kumi na tano.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wa mtu niliyewaambia mngoje. Anaitwa Kĩmani Gecaũ. Alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kule Limuru, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, wanakijiji walikuwa na kituo cha elimu ya watu wazima. Walipokwisha kujua kusoma walitaka kitu cha kufanya na huko kusoma kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika Ngaahika Ndeenda, na Gecaũ akawa mwelekezi.

Nataka mwangalie hali yake kwa jicho la kazi. Waigizaji wake ni wakulima, vibarua wa mashamba ya majani chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Wengi hawajawahi kusimama jukwaani. Mazoezi hayawezi kuwa siku za kazi. Jukwaa halipo. Mwelekezi aliyelelewa kwa desturi za Donovan Maule angefunga mlango, afundishe kimya kimya, aje afungue siku ya kwanza kila kitu kiking'aa. Gecaũ hakuwa hata na mlango wa kufunga. Mazoezi yakafanyika hadharani. Anayepita na kuni anasimama, anayetoka kanisani anasimama. Na Mkenya akisimama kutazama kitu, mnajua, baada ya dakika tano anatoa maoni.

Maoni yakaanza kumiminika. Wazee wakasema mhusika huyu ni mzee lakini anaongea kama kijana, haongei kwa mafumbo, mrekebisheni. Wafanyakazi wa kiwandani wakasahihisha habari za mishahara. Bunduki ya bandia ilipoletwa, waliowahi kuunda bunduki za Mau Mau kwa mikono yao wakaikataa, wakaonyesha ilivyokuwa. Sehemu ya gĩtiiro, ule uimbaji wa kujibizana katika shughuli za ndoa, ilifundishwa na mama mzee asiyejua kusoma wala kuandika. Waandishi wawili wasomi na mhadhiri wa chuo kikuu walikaa chini wakafundishwa.

Wengi husema jambo hili kwa wepesi, oh, wananchi walishirikishwa. Kama umewahi kuendesha mazoezi utajua ni jambo gumu kiasi gani. Mwelekezi hulinda mamlaka yake kama makanga anavyolinda chenji. Mimi nimezunguka miaka kadhaa na kikundi kinachoigiza vitabu teule katika shule za upili, maleba ndani ya gunia, gunia juu ya matatu, shule tatu kwa siku. Siku moja katikati ya mazoezi mpishi wa shule fulani aliniambia kwamba mama mwenye njaa hatembei anavyotembea mwigizaji wangu. Nilimjibu vibaya. Tulipokwisha kucheza nikatambua alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameshaondoka kwenda kupika. Gecaũ hakuwafukuza wapishi wake, na kwa hilo tu mimi namhesabu kuwa mkubwa.

Jukwaa nalo likajengwa na wanakijiji wenyewe, la wazi, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Linganisheni na viti 400 vya Royal Court. Tarehe 2 Oktoba 1977, siku ya Jumapili, mchezo ukafunguliwa.

Nitasema neno ambalo huenda lisiwafurahishe wapenzi wa Ngũgĩ. Mchezo wenyewe, ukiusoma kimya kitandani, una mapungufu. Matajiri wake wabaya mno, wabaya hadi unamwonea huruma mwigizaji anayewabeba. Lakini una kitu kimoja ambacho mwelekezi yeyote angekililia. Ukutani kwa Kĩgũũnda, kibarua, imetundikwa hatimiliki ya ekari moja na nusu. Iko pale tangu mwanzo. Wahusika wanaongea habari za harusi, za kanisa, za binti yao na mvulana wa tajiri, na macho ya hadhira hayabanduki kwenye ile karatasi, kwa sababu kila mtu aliyeketi pale anajua karatasi hiyo itakwenda wapi. Mimi naona mnatabasamu. Eastlands nzima hii, watu wangapi wamenunua ploti kwa barua ya kugawiwa, wanaisubiri hati mpaka wanazeeka? Hebu fikirini karatasi hiyo ikitundikwa ukutani hapa.

Kuipa karatasi nafasi yake, kuacha ikae pale bila kuguswa, kutomruhusu mwigizaji kuielekezea kidole kila mara, hiyo ni kazi ya mwelekezi. Haiandikwi popote. Ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Tarehe 16 Novemba 1977 leseni ikaondolewa. Wiki sita na siku chache. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Gecaũ hakuacha. Mapema mwaka 1982, akishirikiana na Waigwa Wachira, alielekeza mchezo mwingine mpya wa Kamĩrĩĩthũ, Maitũ Njugĩra. Walitaka Jumba la Kitaifa. Siku ya kufika wakakuta limefungwa. Basi wakarudi chuoni wakaendelea kufanya mazoezi, mazoezi tu, maana mazoezi hayakuhitaji leseni, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi. Wengine walitoka mbali kwa mabasi ya kukodi. Mchezo haukuwahi kufunguliwa na bado ukaonwa na umati ambao majumba ya London yangeutamani. Tarehe 12 Machi 1982 polisi wenye silaha wakafika Kamĩrĩĩthũ wakabomoa jukwaa lote.

Mwaka huo haukuwa mwema kwa waandishi wa Kiswahili pia. Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki, mchezo wa vibarua wa shambani na kiongozi wao mwanamke, Lanina, alitiwa kizuizini mwaka huohuo. Kumbukeni hilo mkisikia mtu akidai Kiswahili ni lugha ya kutuliza watu.

Gecaũ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakakimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili. Gecaũ akafundisha chuo kikuu kule. Njia ya Kamĩrĩĩthũ ikaota mizizi vijijini Zimbabwe, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ akawa nguzo ya chama cha vikundi vya maigizo ya kijamii. Alifariki huko kwa ajali ya gari mwaka 2008. Kwa hiyo maisha ya kazi ya Gecaũ, mwelekezi wetu, ukiyaandika kwenye karatasi kama wanavyofanya Waingereza, mchezo gani, jumba gani, mwaka gani, yanaonekana mafupi. Mchezo uliozimwa, mazoezi yasiyofunguliwa, kisha ugenini. Mtu wa London mwenye umri kama wake angekuwa na orodha ya majumba kumi na nishani.

Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi, safari hii ndani ya Jumba la Kitaifa lenyewe, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Na mwelekezi? Stuart Nash, Mwingereza anayefanya kazi hapa Nairobi. Kuna walionung'unika. Mimi sikununa. Mtu ameheshimu kazi, amejaza jumba, amewalipa waigizaji wetu. Kilichonitatiza ni kwamba watu walitoka pale wakizungumza kana kwamba mchezo ulikuwa umelala kabatini miaka arobaini na mitano ukingoja kuelekezwa. Vijana wengi niliozungumza nao nje ya jumba hawakuwa wamelisikia jina la Gecaũ.

Mtaniuliza, siku hizi michezo mipya inatoka wapi? Kipo kikundi cha Heartstrings na vichekesho vyake. Palikuwa na Wahome Mutahi aliyeichukua michezo ya Kikuyu akaipeleka baa, watu wakacheka wakiwa na chupa mezani, hadi alipofariki mwaka 2003. Lakini kiwanda kikubwa kuliko vyote ni tamasha la drama la shule, lililoanza mwaka 1959. Kila mwaka mamia ya shule huleta michezo ambayo haijawahi kuonwa, na waelekezi wake ni walimu wa Kiswahili, wa dini, wa kemia. Na hapo napo mlango ukifungwa unasikika. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na mchezo wa Echoes of War, iliyoandikwa na Cleophas Malala. Mahakama ilikuwa imeagiza waruhusiwe. Malala akakamatwa usiku wa kuamkia onyesho, nje ya ukumbi vitoa machozi vikafyatuliwa, na wasichana wakaingizwa waigize bila hadhira. Wakasimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Waliokuwa wakiwaamuru wacheze hawakuelewa kitu ambacho wasichana wa miaka kumi na sita walikielewa.

Sasa narudi hapa kwetu. Mswada wenu nimeusoma mara mbili. Ni wa ploti moja, familia sita, mfereji mmoja, na kereteka mwenye siri. Nina malalamiko mawili. La kwanza, kereteka wenu anaongea kama msomaji habari wa redio. Mimi sijamwona kereteka wa Mowlem anayesema "ningependa kuwafahamisha wapangaji". La pili ni lile onyesho la tatu, mama anapofungiwa nyumba kwa kufuli la mwenye nyumba. Mmemwandikia hotuba ndefu. Sina hakika mtu aliyefungiwa nje na watoto watatu saa tatu usiku huhutubia. Nilipokuwa nikiingia, mama mmoja aliyekaa mstari wa pili alikuwa akimsimulia mwenzake jambo linalofanana na hilo, na hakutumia zaidi ya maneno manane. Mama, samahani, nilisikiliza bila ruhusa. Tunakuhitaji.

Usomaji wa kwanza ni Jumamosi hii, saa nane mchana, humu humu, madirisha yakiwa wazi, na anayepita akitaka kusimama asimame. Mje na viti vyenu. Darasa hili lina ishirini na vinne, na nimekwisha kuvijaribu: vitatu havibebi mtu mzima.